Aliyedhulumiwa na Ulimi Wake



Kitabu cha maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ni hazina ya lugha yetu. Mwenyewe alifariki Unguja mwaka 1905, na katika maneno yake twaifuata njia ya misafara kutoka pwani, kupita Ugogo, hadi Tabora na Kongo. Pembe zimehesabiwa, vita vimeelezwa, wakubwa wametajwa majina. Lakini kisome tena ukiwatafuta wanawake waliotekwa na kupitishwa njia hiyo. Wamo, ila hawasemi. Msimulizi ni mwenye msafara, na yaliyowafika usiku kambini hatukuyasikia vinywani mwao. Hiyo ndiyo kasoro kubwa ya kitabu kizuri.

Leo binti wa Tabora ana simu mkononi. Akiingiliwa kwa nguvu aweza kuyasema mwenyewe katika mitandao ya kijamii, na mwenzake wa Mombasa akamsikia kabla ya magharibi. Wazee wengi huona huko ni kuvunja sitara. Kusitiri ni jambo jema, lakini tuulizane: tunamsitiri nani? Aghalabu anayesitirika ni ami, mwalimu au jirani aliyetenda, na binti huachiwa aibu isiyo yake. Aya ya 148 ya Surat An-Nisaa yakataza ubaya kutangazwa, kisha yamtoa aliyedhulumiwa katika katazo hilo. Basi sisi ni nani hata tumfunge mdomo? Hata sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 humruhusu hakimu kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mdhulumiwa peke yake, akiridhika kwamba asema kweli.

Hata hivyo, simu hutumika na mdhalimu pia. Agosti 2024 video ya binti akinajisiwa na kundi la wanaume ilienea nchi nzima. Wanaume wanne walishitakiwa Dodoma, katika Ugogo ile ile ya misafara, na Septemba wakahukumiwa kifungo cha maisha. Waliopaza sauti mitandaoni kudai haki walifanya wema. Lakini kila aliyempelekea mwenzake picha zile, hata kwa huruma, aligeuka mpagazi wa mzigo wa wadhalimu. Mahakamani jina la binti lilisitiriwa, na waliomdhulumu wakatajwa majina yao. Hivyo ndivyo sitara inavyopasa kuwa.

Basi, msomaji, jambo kama hili likikufikia, tazama kwanza nani anayesema. Akiwa ni binti mwenyewe, msikilize, usimuulize alivaa nini, na umsindikize hospitali na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Akiwa ni mtu mwingine anayetembeza fedheha yake, futa picha hizo, wala usimwonyeshe mtu. Na binti yako asipate kutafuta masikio ya wageni mtandaoni kwa kuwa ya nyumbani yamezibwa.