Mradi wa Maji Hupimwa Agosti

Mtu aliyekulia Dodoma au Shinyanga akiambiwa kwamba Buganguzi kuna shida ya maji, huenda akadhani anataniwa. Kata hiyo iko wilayani Muleba, mkoani Kagera, upande uleule wa Ziwa Viktoria ambako mji wa Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Migomba haistawi hivyo kwenye nchi kame. Tatizo ni kwamba mvua hunyesha pote, ila maji ya kunywa hutoka mahali pachache, na mara nyingi pako chini. Wahaya wamejenga na kulima vibanja vyao vya migomba na kahawa juu ya migongo ya vilima tangu zamani, na chemchemi ziko mabondeni. Anayekwenda kuchota huteremka na ndoo tupu na kupanda na ndoo iliyojaa, na lita 20 za maji zina uzito wa kilo 20, ziwe za masika au za kiangazi. Kinachowasumbua watu wa vilima hivi, basi, ni umbali, mwinuko na usafi wa chanzo. Mambo hayo matatu hayamalizwi na wingi wa saruji na mabomba peke yake. Humalizwa na hesabu iliyofanywa mapema, na anayeifanya ni mtu ambaye siku ya uzinduzi hukaa nyuma kabisa ya hema, kama amealikwa: mpanga mradi. Nadai kwamba kazi yake ni ufundi kamili, na kwamba umahiri wake huonekana katika jambo moja, yaani uwezo wa kuuona mradi katika siku yake mbaya kuliko zote kabla haujachimbiwa hata mtaro mmoja.

Tuanze na chanzo, maana ndipo mafundi na wababaishaji wanapoachana. Kupima chemchemi ndogo hakuhitaji mtambo. Maji hukusanywa kwenye bomba fupi, ndoo ya lita 20 huwekwa chini yake, na saa huangaliwa. Ndoo ikijaa kwa sekunde 8 wakati wa masika, chemchemi inatoa lita mbili na nusu kwa sekunde, sawa na lita 216,000 kwa siku, na kila aliyesimama pale hutabasamu. Mpanga mradi anayeijua kazi huandika namba hiyo kisha huiweka kando. Kagera kiangazi kikuu hushika Juni hadi Agosti, na chemchemi hukonda polepole nyuma yake, kwa hiyo yeye hurudi mwishoni mwa Agosti. Tuseme safari hii ndoo inajaa kwa sekunde 20. Hiyo ni lita moja kwa sekunde, lita 86,400 kwa siku, na hiyo ndiyo namba ya kujengea. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha lita 25 kwa kila mtu kijijini kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400 na kinachohudumia watu 250. Kijiji cha watu 3,000 kinahitaji, kwa kipimo hicho, lita 75,000 na vituo 12. Kwa haraka haraka, chemchemi inatosha na chenji inabaki.

Haitoshi, na kuonyesha kwa nini haitoshi ndiko kunakompa mpanga mradi mkate wake. Kwanza, mabomba huvuja. Tukikubali kwamba sehemu moja tu ya tano ya maji inapotea njiani, zinabaki lita 69,120, na kijiji kimeshapungukiwa siku ya kukata utepe. Pili, watu huzaliana. Sensa ya 2012 iliihesabia Kagera watu 2,458,023, na ile ya 2022 ikawahesabu 2,989,299, ongezeko la karibu asilimia 2 kila mwaka. Kwa mwendo huo watu 3,000 watakuwa takriban 4,460 baada ya miaka 20, nao watataka zaidi ya lita 111,000 kwa siku na vituo 18. Hata mabomba yasingevuja tone, chemchemi yetu ingeelemewa ndani ya mwaka wa nane. Aliyepima masika akaishia hapo ataujenga mradi huu kwa moyo mweupe, atapigiwa makofi, na kiangazi kitamuumbua yeye akiwa wilaya nyingine. Aliyepima Agosti ataanza kutafuta chemchemi ya pili sasa hivi, wakati fedha bado haijagawanywa.

Hesabu ya usiku nayo ina uzuri wake. Chemchemi hailali, lakini wachotaji hulala. Kati ya saa mbili usiku na saa kumi na moja alfajiri, lita moja kwa sekunde hufikia lita 32,400, na pasipo tenki zote hizo huishia mtoni wakati foleni ya asubuhi inangoja. Tenki ni namna ya kuhamisha maji kutoka saa yasipotakiwa kwenda saa yanapotakiwa, na ukubwa wake unatokana na mazoea ya watu: wanachota saa ngapi, kwa kishindo gani, siku za soko inakuwaje. Mazoea hayo hayaonekani kwenye picha ya setilaiti, huulizwa. Kisha unakuja mwinuko. Chanzo kikiwa juu ya kijiji, maji hushuka yenyewe kwa mserereko, na gharama ya kuyasukuma ni sifuri hadi mwisho wa dunia. Kikiwa bondeni, kama ilivyo mara nyingi kwenye vilima vya Muleba, kila lita hupandishwa kwa nguvu inayolipiwa. Kupandisha zile lita 75,000 mita 200 juu kunahitaji uniti 41 za umeme kwa siku kama pampu na mota zingekuwa kamilifu. Hakuna pampu kamilifu, kwa hiyo weka zaidi ya uniti 80. Siku hiyohiyo, na kesho, na Krismasi. Ndiyo maana mpanga mradi mzuri anaweza kuonekana mkaidi anapong'ang'ania bomba la mserereko la kilomita nyingi kutoka chanzo cha mbali, huku wengine wakimwonyesha kijito kilicho karibu. Yeye anaisoma bili ya umeme ya mwaka wa kumi.

Historia ya nchi hii inampa ushahidi wa kutosha. Mwaka 1971 serikali ya TANU ilizindua mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, lengo likiwa kila mwananchi awe na maji safi ndani ya mita 400 kutoka kwake ifikapo 1991. Lilikuwa lengo adilifu, na mpaka wake wa umbali ulirudiwa na Sera ya 2002. Lakini maji yalitolewa bure, na uendeshaji ukaachiwa Serikali Kuu, ambayo ilitakiwa kupeleka dizeli, fundi na kipuri kila kona ya nchi hata katika miaka ya uhaba baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Sera ya 2002 ilikiri yenyewe kwamba karibu nusu tu ya watu wa vijijini walikuwa na huduma ya maji ya kutegemewa, na kwamba zaidi ya asilimia 30 ya miradi haikuwa ikifanya kazi sawasawa. Ramani ya vituo vya maji iliyoandaliwa na Wizara ya Maji mwaka 2013 ilihesabu vituo zaidi ya 65,000, na karibu vinne katika kila kumi havikuwa vikitoa maji. Vituo hivyo vilijengwa. Fedha ilipatikana, mkandarasi alikuja, maji yalitoka. Kilichokosekana ni jibu la swali la nani atafanya nini mwaka wa tatu mpira wa pampu ukikatika.

Kanda ya Ziwa ililijaribu swali hilo mapema. HESAWA, mpango wa afya kwa njia ya usafi na maji uliofadhiliwa na Uswidi katika mikoa ya Kagera, Mwanza na Mara kuanzia 1985 hadi 2002, uliweka mkazo kwenye visima vifupi vyenye pampu za mkono, uboreshaji wa vyanzo vya asili, vyoo, na mafunzo ya mafundi na kamati za vijiji vyenyewe. Haukumaliza shida, na si kila pampu yake ilidumu baada ya Waswidi kuondoka. Hata hivyo uliacha wazo ambalo limekuja kupewa nguvu ya sheria: Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, Namba 5 ya 2019, iliunda RUWASA, wakala wa maji vijijini, na kuvitambua vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii, vinavyokusanya fedha, kuajiri fundi na kutunza akaunti. Turudi kwenye kijiji chetu cha mfano. Lita 75,000 ni ndoo 3,750. Tuchukulie kwamba nusu tu ya ndoo hizo zinalipiwa, kwa shilingi 25 kila moja. Kwa mwezi wa siku 30 ni shilingi 1,406,250. Humo mtoe mshahara wa fundi, posho ya mlinzi wa tenki, umeme, viungo vya mabomba na akiba ya pampu ijayo. Huenda zikatosha kwa mradi wa mserereko na zisitoshe kwa mradi wa pampu. Afadhali ukweli huo mchungu usemwe kwenye karatasi, kabla haujasemwa na bomba lililokauka.

Hapa atainuka msomaji mwenye hasira za haki. Atasema: karatasi hainyweki. Watoto wanaharisha leo, wewe unangoja Agosti. Upembuzi yakinifu umekuwa kisingizio cha kulipana posho, na kabati za halmashauri zimejaa maandiko ya miradi ambayo hayajawahi kulowa. Ninakubali sehemu kubwa ya lawama hii. Mpango usio na tarehe ya kuanza kazi ni uzembe uliopigwa muhuri. Lakini anayeharisha leo anaweza kusaidiwa leo kwa dawa ya kutibu maji, kwa kuchemsha, kwa kuiwekea chemchemi iliyopo uzio na bomba dogo la kutokea. Mambo hayo hayangoji usanifu wa miaka 20, na mpango mzuri huyaweka wiki ya kwanza. Kinachongoja ni bomba kuu na tenki, vitu vya mamilioni ambavyo vikikosewa having'oki. Kuharakisha hilo ni kumkopesha mama huyohuyo faraja ya mwaka mmoja, kisha kumdai miaka kumi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mipango hii, wanasema, huandikwa kwa ajili ya mfadhili. Mwananchi haijui, na bango kitita, lile jedwali la muhtasari wa mradi lenye safu nne, ni lugha ya ofisini. Ni kweli kwamba bango kitita limejazwa ovyo mara nyingi, na safu inayodhulumiwa zaidi ni ile ya mwisho, ya mambo ambayo mradi unayategemea bila kuyamudu. Watu huijaza usiku wa manane, kesho ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha: "hali ya hewa itakuwa nzuri, ushirikiano utakuwepo." Kwangu hiyo ndiyo safu yenye heshima kuliko zote, kwa kuwa ndipo andiko linapokiri udhaifu wake. Kipuri kitapatikana Bukoba au mpaka Mwanza? Mwenye kibanja kilicho na chemchemi amekubali kwa maandishi, na ukoo wake je? Aliye juu ya chanzo ataacha kulima hadi ukingoni? Majibu ya maswali haya hayako Dodoma wala Stockholm. Wanayo wanawake wazee wa kijijini, ambao wanajua chemchemi ipi iliwahi kukauka na ipi haijawahi. Utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao vijiji vyetu vimeutumia kuandaa mipango, ulikusudia kuyachota maarifa hayo. Ukigeuzwa orodha ya maombi yasiyo na vipimo, kosa ni la msimamizi.

Choo, kama kawaida, kimesubiri hadi mwisho, na katika bajeti nyingi ndivyo kinavyosubiri. Ni kosa la kiufundi zaidi ya la adabu, kwa sababu kwenye mteremko shimo la juu na chemchemi ya chini ni majirani. Umbali wa mita 30 unaotajwa mara nyingi ni mwanzo wa kufikiri tu. Udongo na mwelekeo wa maji vinaweza kudai zaidi. Shuleni, mwongozo wa taifa unataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na hesabu hiyo haina maana kama mradi wa maji ulipita nje ya uzio wa shule. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa katika Wilaya ya Bukoba, kila nyumba iliambiwa inawe mikono. Ushauri huo ulikuwa rahisi kwa mwenye bomba uani, na mzito kwa mwenye kupanda kilima na ndoo.

Basi wewe unayeishi Buganguzi au penye vilima kama vyake, siku mkutano mkuu wa kijiji utakapoletewa mradi wa maji, usipige kura kabla ya kujibiwa maswali matatu: chanzo kilipimwa mwezi gani, ndoo moja itauzwa bei gani, na akaunti ya kununulia pampu ya pili imeshafunguliwa benki ipi. Mleta mradi akiwa ameikamilisha kazi yake, majibu atakuwa nayo mfukoni. Asipokuwa nayo, mrudisheni akapime, na mwambieni mwezi wa kurudi.