Ukuta Usio na Saruji: Mafundi wa Thimlich Ohinga Waliwezaje?

Kutoka Mwanza unapita Bunda na Tarime, unavuka mpaka Sirari, unaingia Migori nchini Kenya. Kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji huo kuna maboma ya Thimlich Ohinga. Kwa Kijaluo jina hilo lina maana ya boma la mawe ndani ya msitu mzito wa kutisha. Kuta zake zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5 na unene wa mita 1 hadi 3. Zinakadiriwa kujengwa karne ya 16, na hazina saruji, chokaa wala tope. Sisi wa Mwanza, tunaoona kila siku misingi ya nyumba ikipandishwa juu ya majabali ya Mabatini na Igogo, tuna kila sababu ya kuuliza: zimeshikwa na nini?

Uzito peke yake hautoshi kuwa jibu, maana lundo la mawe nalo ni zito na bado huporomoka. Siri ya kwanza iko ndani ya unene. Fundi alipandisha nyuso mbili, ya nje na ya ndani, kisha akashindilia mawe madogo katikati. Nyuso hizo huegemeana kupitia ule mjazo. Shinikizo likija upande mmoja, husambaa kwenye mamia ya mawe kabla halijafika upande wa pili.

Siri ya pili ni uchaguzi. Mawe hayakuchongwa, yalitumika yalivyookotwa. Hivyo kila jiwe lilipaswa kugeuzwa hadi lipate makao yake, likalie mawili ya chini na kufunika kiungo chao. Viungo vikifuatana wima kutoka chini hadi juu, ukuta hupasukia hapo. Kila fundi wa tofali anaijua kanuni hiyo. Ila tofali zote zina umbo moja, na mawe ya kilimani hakuna mawili yanayofanana. Fundi wa Ohinga alilazimika kuitimiza kwa jicho na mkono.

Siri ya tatu ni maji. Tumezoea kusema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini pale fundi ambaye angeziba kila ufa angeuangusha ukuta wake mwenyewe. Mvua za kanda ya ziwa ni kubwa, na maji yanayokwama ndani au nyuma ya ukuta huusukuma hadi ulale. Mianya ya Ohinga huyapitisha. Ardhi ikitulia kidogo, mawe nayo husogea kidogo na kukaa upya, wakati saruji ingepasuka.

Mlango ndio udhaifu wa kila ngome. Hapa ni mdogo na mfupi, umefunikwa juu kwa mawe marefu, na anayeingia hulazimika kuinama. Adui alipita mmoja mmoja, kichwa kikitangulia. Udogo huo pia unaendana na tabia ya jiwe: hustahimili sana kugandamizwa, lakini likilazwa juu ya uwazi mpana hukatika katikati. Mahitaji ya ulinzi na uwezo wa jiwe vilikutana mlangoni.

Wako wanaodhani kujenga bila saruji ni dalili ya kukosa ujuzi. Na watazame Parthenon, hekalu la Athena juu ya kilima cha Acropolis mjini Athens, lililojengwa mwaka 447 hadi 432 KK. Nalo halina saruji kati ya mawe yake. Marumaru ilitoka mlima Pentelikon, ikachongwa kwa usahihi mkubwa, ikafungwa kwa vyuma vilivyozungushiwa risasi iliyoyeyushwa ili visishike kutu. Mwanzoni mwa karne ya 20, ukarabati ulioongozwa na Nikolaos Balanos ulitumia vyuma bila kinga hiyo. Vilishika kutu, vikavimba, vikapasua marumaru. Warekebishaji waliofuata walilazimika kuving'oa na kuweka titani.

Fundisho hilo linatuhusu. Watafiti wameorodhesha maeneo 138 ya maboma ya mawe katika ukanda huu wa ziwa, na Thimlich Ohinga ndilo kubwa na lililohifadhika vizuri zaidi. UNESCO ililiingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Jamii za lugha tofauti zilipokezana kuishi humo hadi katikati ya karne ya 20, na kila iliyokuja ilirekebisha kuta kwa mbinu ileile iliyoikuta. Uamuzi wangu ni huu: ukuta wa namna hii ukibomoka, urudishwe kwa mawe yake na kwa mikono inayojua kupanga, si kwa ndoo ya zege.

Nawe ukifika pale, usipande juu ya ukuta, wala usiondoke na jiwe la ukumbusho, hata liwe dogo kama yai. Mawe madogo ndiyo yanayoshikilia makubwa.