Msimulizi, Mwandishi na Lugha katika Historia ya Wagusii

Makala haya mafupi yanakusudia kuchunguza swali moja: historia inapoandikwa kwa ushirika wa msomi na wananchi, ushirika huo hukoma wapi? Mfano wetu ni Wagusii wa Kisii na Nyamira.

Mwaka 1974 William R. Ochieng' alichapisha historia ya Wagusii tangu kale hadi 1914, akitegemea sana masimulizi ya wazee. Alithibitisha kwamba simulizi ni ushahidi, na sifa hiyo hatuwezi kumnyima. Lakini kitabu chake ni cha Kiingereza, kama ulivyo pia mkusanyo uliohaririwa na John Akama na Robert Maxon mwaka 2006. Wenye simulizi hawawezi kuisahihisha kazi ambayo hawawezi kuisoma.

Hasara yenyewe yaonekana katika neno *egesaku*. Laweza kumaanisha uzao wa mtu mmoja, ukoo, au Wagusii wote. Maana hutegemea msemaji anajitofautisha na nani. Mfasiri hana budi kuchagua. Akiandika "kabila", amekwisha kutoa hukumu ya kihistoria: kwamba umoja wa Abagetutu, Abanyaribari, Abagirango na wenzao ulikuwapo tangu zamani. Yawezekana msimulizi hakukusudia hivyo hata kidogo.

Tazama pia tukio la 1908, Otenyo alipomchoma mkuki ofisa Mwingereza, Northcote. Kwa watawala, hilo lilikuwa kosa lililostahili msafara wa kuadhibu. Masimulizi ya Wagusii humweka mbele Moraa, nabii mwanamke aliyewahimiza vijana kupigana. Mtafiti anayewahoji wazee wanaume peke yao, kisha akapima maneno yao kwa kumbukumbu za serikali peke yake, atampunguza Moraa pasipo kujua.

Kwa maoni yetu, basi, ushirika haukomi mahojiano yanapokwisha. Matini ya Ekegusii ihifadhiwe neno kwa neno, pamoja na jina la msimulizi akiridhia, na tafsiri ya Kiswahili iwekwe kando yake. Kisha isomwe hadharani Manga, Keroka na Tabaka kabla ya kupigwa chapa, na mabishano yatakayozuka yaandikwe pia, kwa kuwa tofauti ya ukoo na ukoo ni sehemu ya historia yenyewe.

Wako watakaosema kwamba kazi ya namna hiyo ni ghali, na kwamba wasomaji wake ni wachache. Gharama ni kweli. Hata hivyo, Katiba ya 2010 iliahidi kuendeleza lugha za wenyeji, na ikazipa kaunti dhamana ya maktaba na makumbusho. Kuhusu wasomaji, wa kwanza wao ni wajukuu wa wasimulizi. Ikiwa hao nao watalazimika kuyatafuta maneno ya babu na bibi zao katika Kiingereza, tutakuwa tumehifadhi habari na kuipoteza sauti iliyoibeba.