Mwisho wa Injili ya Marko: Maneno Machache kwa Wenye Kufundisha na Kuhubiri

Walimu na makasisi wengi wametuuliza neno hili: Kusoma Injili kwa elimu kwafaa nini kwa mtu aliye na imani tayari, tena aliye na kazi ya kuhubiri kila Jumapili? Waulizao hivyo hudhani ya kuwa elimu, imani na mahubiri ni njia tatu zilizoachana, na ya kuwa mtu akiishika moja hana budi kuziacha nyingine. Sisi hatuoni hivyo. Walakini jambo hili halithibitiki kwa maneno ya jumla. Yafaa lionyeshwe katika kifungu kimoja cha Maandiko. Kwa hiyo twachagua aya za mwisho za Injili ya Marko, kama tulivyozisoma pamoja na wainjilisti na walimu huko Iguguno.

Iguguno ni mji mdogo penye njia kuu itokayo Singida kwenda Nzega, katika nchi ya Wanyiramba. Tangu 2012 mji huo umo katika wilaya ya Mkalama, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Iramba. Wamisionari Waluteri wa Leipzig walianza kazi katika nchi hiyo kabla ya vita vya 1914, na baada ya vita wakaja Waluteri wa Augustana kutoka Marekani. Watu tuliokaa nao wamezoea kulisikia Neno kwa lugha mbili: husomwa kwa Kiswahili, kisha hufasiriwa kwa Kinyiramba kwa ajili ya wazee. Tulipowauliza mkalimani mwema ni mtu gani, walijibu pasipo kusita: ni yule asiyeongeza la kwake wala hapunguzi la mwenyewe, hata kama neno ni gumu.

Jibu hilo lilitupendeza sana, maana lakaribiana na ushuhuda wa kale kabisa juu ya Marko. Papia, askofu wa Hierapoli, aliandika mapema katika karne ya 2, na maneno yake yalihifadhiwa na Eusebio katika historia yake ya Kanisa. Asema ya kuwa Marko alikuwa mkalimani wa Petro, na kwamba alijihadhari asiache jambo alilolisikia wala asiseme uongo ndani yake. Wataalamu wangali wakibishana juu ya ushuhuda huo. Lakini kitabu chenyewe chaonyesha kazi ya mkalimani. Marko huacha neno la Kiaramu kama lilivyotamkwa, kisha hulifasiri. Ndivyo afanyavyo katika habari ya binti Yairo, mahali pale watoto wetu wachekapo kwa kusikia neno lifananalo na hesabu yetu ya kumi. Na tena katika habari ya kiziwi, na katika kilio cha msalabani. Aliyezoea kusimama kati ya lugha mbili humtambua mwenzake hapo.

Basi tulifika sura ya 16. Wanawake watatu waenda kaburini alfajiri wakiwa na manukato. Walikuta jiwe limekwisha kuondolewa, na kijana mwenye vazi jeupe awaambia ya kuwa Yesu amefufuka, tena atangulia kwenda Galilaya. Wanawake watoka mbio wakitetemeka, nao hawamwambii mtu neno lo lote, kwa sababu ya hofu. Hapo ndipo ilipo aya ya 8. Tuliomba msomaji anyamaze hapo, asiendelee. Kimya kilikuwa kirefu. Kisha mwalimu mmoja akasema, “Kila Pasaka mimi hupita mbio mahali hapa, nipate kufika aya ya 9.” Wengine wakakiri ya kuwa nao hufanya vivyo hivyo.

Elimu ina neno la kuwaambia walimu hao. Nakala mbili kuu za Biblia kwa Kiyunani, zote za karne ya 4, humaliza Injili hii katika aya ya 8. Moja huitwa ya Vatikano, kwa kuwa imewekwa huko. Ya pili huitwa ya Sinai, kwa kuwa ilipatikana katika monasteri ya Mtakatifu Katarina, nayo sehemu yake kubwa i London tangu 1933. Eusebio na Yeronimo nao walijua ya kuwa nakala za Kiyunani zilizo bora katika siku zao hazikuwa na aya 9 hadi 20. Kwa upande wa pili, Irenayo wa Lyons alinena habari za aya ya 19 karibu na mwaka 180, akiitaja kuwa ni ya Marko. Basi mwisho mrefu ni wa kale sana, lakini dalili nyingi zaonyesha ya kuwa haukuandikwa na mkono ule ule. Ndiyo maana baadhi ya chapa za Biblia ya Kiswahili huzitia aya hizo katika mabano.

Asiyejua Kiyunani asidhani ya kuwa jambo hili ni la kupokea tu kwa wataalamu. Na atazame Kiswahili chake. Katika aya ya 1 Maria Magdalene ametajwa kwa jina. Katika aya ya 9 aletwa upya, na kuelezwa kuwa ndiye aliyetolewa pepo saba, kana kwamba msomaji hajamwona bado. Kisha habari zafuatana kwa haraka: Maria na Bwana, ambayo twaijua kwa Yohana; wawili waliokuwa wakienda shamba, ambao twawajua kwa Luka katika njia ya Emau; na kumi na mmoja wakiwa chakulani. Marko, azoeaye kusimulia kitu kimoja kwa urefu na kutaja hata majani mabichi waliyoketi watu, hapa hatumsikii. Twasikia mtu akusanyaye habari na kuzifupisha.

Liko na jambo la lugha ambalo tafsiri zetu haziwezi kulionyesha. Kwa Kiyunani aya ya 8 yaisha kwa neno gar, maana yake “kwa maana”. Neno hilo haliwezi kutangulia katika sentensi yake. Hufuata neno la kwanza. Kwa kuwa sentensi ya mwisho ina maneno mawili tu, kitenzi cha kuogopa kimetangulia, na gar imebaki mwisho. Sisi kwa Kiswahili hatuna budi kuiweka sababu mbele na hofu nyuma, na hivyo sentensi yetu yasikika imekamilika. Wengine walisema ya kuwa kitabu hakiwezi kukoma hivyo, na kwamba ukurasa wa mwisho ulipotea. Lakini van der Horst alionyesha mwaka 1972 ya kuwa hata kitabu kimoja cha Plotino, mwanafalsafa wa Kiyunani, chaisha kwa neno lilo hilo. Sisi twaelekea upande wa wale wasemao ya kuwa Marko alinyamaza kwa makusudi, ingawa hatuwezi kumlazimisha mtu.

Desturi za masimulizi zatusaidia kufahamu jinsi mwisho mrefu ulivyopata kuongezwa. Msimulizi wa pwani huifunga hadithi yake kwa kutangaza ya kuwa imekwisha, uzuri wake uwe wa wote na ubaya wake umrudie yeye. Hadithi za bara nazo zina taratibu zake. Frederick Johnson, ambaye ndiye aliyeongoza kazi ya kamusi sanifu ya Kiswahili na Kiingereza iliyotoka 1939, alikusanya hadithi za Kinyiramba na kuzichapisha mwaka 1931. Wasikilizaji hawapendi kuachwa njiani. Msimulizi akinyamaza kabla ya kufunga, atatokea mtu mwingine barazani afunge kwa niaba yake, naye hafanyi hivyo kwa hila, bali kwa upendo wa hadithi. Twadhani ndivyo ilivyokuwa: Mkristo wa kale aliona kimya cha aya ya 8, akakifunga kwa habari za kweli alizozipokea katika Kanisa.

Mwinjilisti mmoja alituuliza kwa huzuni, “Je, mabano hayo ni kidonda katika Biblia?” Tukamjibu: Sivyo. Kaburi tupu na habari ya ufufuo zimo katika aya 1 hadi 8, nazo hazina mabano. Mabano ni uaminifu wa mkalimani: mahali asipokuwa na hakika ya neno la mwenyewe, asema wazi. Imani iogopayo kuyaona mabano yategemea karatasi kuliko Bwana. Wala hatusemi ya kuwa aya hizo zifutwe. Kanisa limezisoma tangu zamani, na mengi yaliyomo yamo pia katika Injili nyingine na katika Matendo. Twasema hivi tu: mhubiri asijenge amri juu ya aya iliyosimama peke yake mahali pa mabano.

Na hapa twaja kwenye jambo linaloweza kuua watu. Aya ya 18 yasema juu ya kushika nyoka, na juu ya kunywa kitu cha kufisha pasipo kudhurika. Mhubiri aisomapo Iguguno, haisomi hewani. Jirani zake upande wa magharibi na kaskazini ni Wasukuma, ambao kati yao kiko chama cha Wayeye, waganga wa nyoka, walioelezwa na Hans Cory mwaka 1946. Wayeye hushika nyoka kwa ufundi na dawa, na hufanya hivyo mbele ya watu. Msikilizaji akisikia aya hiyo, huenda akawaza ya kuwa Mkristo ni Mwyeye aliye na dawa yenye nguvu zaidi. Tena katika nchi nyingi za bara wazee walijua kiapo cha mwavi: mshitakiwa hunyweshwa sumu, na akiitapika huhesabiwa kuwa hana hatia. Msikilizaji akisikia habari ya kunywa kitu cha kufisha, huenda akawaza ya kuwa imani hupimwa kwa mwavi, na afaye alikuwa mwongo. Basi hapo mhubiri hakuongeza neno hata moja, na bado amefasiri vibaya, maana hakuijua desturi ya asikiaye.

Tuliambiwa habari ya mtoto mchunga mbuzi aliyeumwa na kifutu. Mhubiri mmoja mpita njia alikuwa amefundisha ya kuwa aaminiye hana haja ya dawa ya nyoka. Wazazi wakachelewa hata jioni kumpeleka hospitali. Mtoto alipona, lakini mguu wake haukurudi kuwa kama zamani. Wala hilo si kosa la nchi zetu tu. Huko Marekani, katika milima ya Tennessee, George Went Hensley alianza kushika nyoka katika ibada kwa ajili ya aya hiyo mapema katika karne ya 20. Alikufa mwaka 1955 kwa kuumwa na nyoka. Lakini Maandiko yenyewe yana mfano ulio bora. Paulo kule Melita hakumtafuta nyoka. Alikuwa akiokota kuni, nyoka akamwuma, naye akamkung’utia motoni. Na Bwana alipoambiwa ajitupe kutoka juu ya hekalu, alikataa kumjaribu Mungu. Asemaye ya kuwa elimu ya nakala za kale ni kazi ya watu wa vyuo, na akae kwanza na mama wa mtoto yule.

Sasa twarudi kwenye aya ya 8, ili mhubiri asibaki na makatazo tu. Tunadhani ya kuwa aya hiyo, ikiachwa isimame, ni hubiri kubwa la Pasaka. Wanawake wale walikwenda siku ya tatu. Katika sehemu nyingi za nchi yetu siku ya tatu ni siku ya kuanua matanga: watu hurudi makwao, na kilio hukoma. Wao walikuja kumaliza kazi ya maiti iliyokatizwa na Sabato, na kisha kurudi makwao kama wafanyavyo wafiwa wote. Waliambiwa ya kuwa hakuna maiti. Nani asingeogopa? Hofu yao ni ya watu waliokuta desturi yote ya msiba imevunjwa na Mungu mwenyewe. Mhubiri apitaye mbio mahali hapo huwanyima wasikilizaji wake nafasi ya kuogopa pamoja nao. Na asiyeogopa kwanza, furaha yake ya Pasaka ni nyepesi.

Walipokuwa wakijadili kama wanawake walikosa kwa kunyamaza, mama mmoja mzee, aliyekuwa akisikiliza kwa mkalimani, aliomba nafasi. Akasema, “Walimu wangu, kama hawakumwambia mtu, ninyi mliambiwa na nani?” Hatukuwa na la kuongeza. Kitabu chenyewe ni ushahidi ya kuwa kimya kile kilikoma. Marko hakusema kilikomaje. Amwacha msomaji mlangoni pa kaburi, akiwa na agizo la kijana mikononi mwake: nendeni, mkaseme. Naye Bwana alikwisha kuahidi katika sura ya 14 ya kuwa atawatangulia Galilaya, ambako ndiko kazi yake ilikoanza. Msomaji arudishwa mwanzo wa Injili, asome tena, na safari hii akijua ni nani anenaye.

Twawashauri basi ndugu zetu mambo matatu. Pasaka ijayo someni hata aya ya 8, mkae kimya kidogo kabla ya kuhubiri. Mkifika kwenye mabano, waelezeni watu maana yake kwa upole. Ni heri walisikie kwenu kuliko kwa mtu atakaye kuwakwaza. Na mkisoma habari ya nyoka, ulizeni kwanza wanaowasikiliza wamesikia nini. Elimu hutuonyesha lililoandikwa, imani hulipokea, na mahubiri hulifikisha. Na katika yote matatu kazi yetu ni ile ile waliyotuambia wazee wa Iguguno, tusiongeze la kwetu, wala tusipunguze la mwenyewe.