Kadi ya Ngozi

Kadi ya mteja ni karatasi ngumu tu, lakini kwa mtunza ngozi anayeijua kazi yake ndiyo hushikwa mwanzo, kabla ya taulo na bakuli la maji ya uvuguvugu. Juu huandikwa jina, umri na tarehe, kisha maswali huanza: tatizo lilianza lini, lilianzia wapi mwilini, linawasha au linauma, nani mwingine nyumbani analo, na mteja amekwisha kupaka nini. Swali la mwisho ndilo gumu. Ni wachache wanaotaja mkorogo wanapoulizwa mara ya kwanza. Mkorogo hauna lebo; muuzaji huchanganya krimu kadhaa katika kopo moja, na ndani yake huweza kuwamo steroidi, haidrokwinoni au zebaki. Steroidi ikipakwa juu ya choa hutuliza mwasho huku fangasi wakiendelea kusambaa, na lile duara linaloutambulisha ugonjwa likafutika. Kwa hiyo mtunza ngozi hodari huuliza swali hilohilo mara mbili, ya pili ikiwa mwishoni, mteja akiwa amekwisha kukizoea kiti.

Baada ya masikio hufuata macho na mikono. Vitabu vingi vya ngozi viliandikwa kwa kutazama watu weupe, navyo hufundisha kwamba ngozi yenye uvimbe huwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hugeuka zambarau, kijivu au weusi uliozidi, na mgongo wa kiganja hugundua joto mapema kuliko jicho linavyogundua rangi. Kipimo kinachotumika zaidi cha aina za ngozi kilibuniwa mwaka 1975 na daktari Thomas Fitzpatrick wa Chuo Kikuu cha Harvard. Mwanzoni kilihusu ngozi nyeupe na namna inavyoungua juani. Ngazi za 5 na 6, za watu wa rangi ya kahawia na weusi, ziliongezwa baadaye. Kina manufaa yake, lakini kinawasukuma karibu Waafrika wote kwenye ngazi za mwisho. Kadi iliyoandikwa "maji ya kunde, paji la uso jeusi kuliko mashavu" hueleza mengi kuliko tarakimu hiyo.

Ustadi wa kuandika huonekana hasa kwenye chunusi. Katika ngozi nyeusi kipele kikipona huacha doa jeusi linaloweza kudumu miezi kadhaa, na mwenye uso akijitazama kwenye kioo huona chunusi hazijapungua. Mwandishi makini huhesabu vipele vibichi peke yake na madoa ya zamani peke yake, shavu la kulia, la kushoto, kidevu, paji. Picha hupigwa pembeni mwa dirisha lilelile, saa ileile, uso ukiwa umeoshwa na hauna poda. Mteja anaporudi akilalamika kwamba dawa haifai, kadi humwonyesha kwamba vipele 14 vimekuwa 3 na kinachomkera sasa ni makovu ya rangi tu. Bila hesabu hiyo angehamia kwenye mkorogo, na wengi wamehamia.

Pwani ilikuwa na utaalamu huu kabla ya kuwa na kadi. Bibi harusi wa Unguja husingwa kwa singo, mchanganyiko wa maua na viungo vilivyotwangwa. Liwa husagwa kwa maji juu ya jiwe na kupakwa usoni. Kungwi aliyesinga mabinti wa mtaa mmoja kwa miaka mingi alijua ngozi ya nani inakataa karafuu na familia ipi ina pumu ya ngozi. Kumbukumbu yake ilikuwa daftari tosha, kwa sababu wateja wake wote aliwaona wakikua. Saluni ya mjini hupokea mtu aliyeshuka basi jana, na hapo kichwa peke yake hakitoshi.

Dawa za asili ndizo zinazoihitaji kadi kuliko krimu za dukani, kwani kopo la dukani lina orodha ya vilivyomo na namba ya toleo, ilhali jani halina. Mwarobaini umepewa jina kwa kudhaniwa kutibu maradhi arobaini; kadi haijishughulishi na hayo arobaini, huuliza ugonjwa mmoja wa mtu mmoja. Huandikwa jani lilichumwa wapi, lilichemshwa au lilitwangwa, vijiko vingapi, kwa siku ngapi. Mshubiri hukatwa na kusimamishwa mpaka utomvu wake wa njano udondoke, kwa kuwa huo huweza kuwasha ngozi. Kinachotakiwa ni ute angavu wa ndani. Mafuta ya nazi hulainisha miguu iliyopauka vizuri sana, lakini yakipakwa kwenye uso wenye chunusi huweza kuziba vinyweleo. Chupa ni moja na matokeo ni mawili, tena pengine kwa mtu huyohuyo.

Limau lina hatari inayodharauliwa. Maji yake yana kemikali zinazoamshwa na mwanga wa jua, na aliyejipaka ili aondoe madoa kisha akatoka mchana huweza kurudi na malengelenge, na baadaye madoa meusi kuliko aliyokuwa nayo. Piko nalo hudhaniwa kuwa ndugu wa hina, kumbe mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD. Mwili ukishaikataa mara moja, huendelea kuikataa kwa miaka, pengine maisha yote. Maandishi "piko, malengelenge, mkono wa kushoto" yatamwokoa mteja siku atakapotaka kutia nywele rangi nyeusi.

Kila kitu kipya hujaribiwa kwanza mahali padogo, ndani ya kiwiko, na kuangaliwa kwa siku mbili. Vitu viwili havianzishwi pamoja, maana ngozi ikivimba hakuna atakayejua kilichosababisha. Tabaka la juu la ngozi hujifanya upya kwa takriban wiki nne, polepole zaidi uzeeni, kwa hiyo hukumu ya siku ya tano ni haraka tu.

Kuna mistari inayomaliza kazi ya saluni. Baka lililofifia rangi na lisilohisi mguso huenda likawa ukoma, ambao dawa zake hutolewa bure. Kidonda kisichofunga, au doa jeusi linalokua kwenye unyayo au chini ya ukucha, ni la daktari. Bob Marley alifariki mwaka 1981 kwa saratani iliyoanzia kwenye kidole cha mguu. Kwa watu wenye ualbino kila kidonda cha uso na masikio huchukuliwa kwa uzito huo; Moshi, penye kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya kuwakinga na jua. Anayepelekwa hospitali hupewa nakala ya kadi, ili daktari ajue kilichopakwa.

Kadi hufungiwa kabatini. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022, na habari za afya ya mtu ni miongoni mwa zinazolindwa zaidi. Picha ya uso wa mteja haiwi tangazo la saluni bila ruhusa yake. Aliyekosea kuandika hafuti kwa wino mweupe wala hachani karatasi: hupiga mstari mmoja juu ya kosa, maneno yakabaki yanasomeka, kisha huandika pembeni lililo sahihi, tarehe na sahihi yake.