Herufi au Mizani? Fumbo la Mraba lenye Dhamira na Kipimo cha Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanalihakiki fumbo la mraba lenye dhamira kama matini inayosomwa kwa kujazwa. Kwa kutumia fumbo moja mashuhuri la Kiingereza la mwaka 1996, yanaonesha namna makutano ya maneno yanavyochukua nafasi ya fanani wa kitendawili. Kisha yanadai kwamba mraba wa herufi, unaonakiliwa katika machapisho yetu bila kuhojiwa, haupatani na muundo wa neno la Kiswahili, na kwamba kisanduku kinachoufaa mraba wetu ni cha silabi.

Mraba kama matini

Mtu anayejaza fumbo la mraba lenye dhamira hafanyi kazi moja bali mbili. Anajibu kidokezi kimoja kimoja, na wakati huohuo anatafuta uzi unaoyaunganisha majibu yale marefu ambayo mtunzi ameyapanga kwa makusudi. Uzi huo ndio dhamira. Katika gazeti la The New York Times, lililoanza kuchapa fumbo la Jumapili mwaka 1942 chini ya uhariri wa Margaret Farrar na la kila siku mwaka 1950, mafumbo ya Jumatatu hadi Alhamisi kwa kawaida huwa na dhamira, na ugumu huongezeka kadiri wiki inavyosonga. Mraba wa kila siku una visanduku 15 kwa 15. Ukigeuzwa juu chini, ramani ya visanduku vyake vyeusi hubaki ileile. Hakuna jibu lenye herufi pungufu ya tatu, na kila herufi husomwa mara mbili: katika neno la mlalo na katika neno la wima. Masharti haya ni makali kama arudhi, na mtunzi anayeyavunja hutazamwa kama sisi tunavyomtazama mtunga guni.

Sharti la mwisho ndilo lenye uzito kihakiki. Katika utegaji wa vitendawili, mwamuzi wa jibu ni fanani. Hadhira ikishindwa, humpa mji, naye hufumbua. Jibu huwa sahihi kwa sababu jamii imelikubali, hata kama jibu jingine lingeweza kutetewa kwa mantiki. Mfumbuaji wa mraba hana mtu wa kumpa mji. Ameketi peke yake na kalamu, na kinachomwambia kwamba amekosea ni neno la wima lililokataa kukaa. Makutano ndiyo fanani. Kwa hiyo mtunzi wa mraba anaweza kuthubutu kutoa kidokezi chenye utata ambacho fanani wa jamvini angeogopa kukitoa, kwa kuwa utata huo utasuluhishwa mahali pengine palepale kwenye ukurasa.

Tarehe 5 Novemba 1996, siku ya uchaguzi wa rais wa Marekani, gazeti hilo lilichapa fumbo la Jeremiah Farrell lililomwondoa mwamuzi huyo. Katikati ya mraba, kidokezi kilitaka habari kuu ya gazeti la kesho yake. Nusu ya pili ya jibu ilikuwa ELECTED, yaani "amechaguliwa". Nusu ya kwanza ilikuwa na visanduku saba, na waliojaza CLINTON waliona kila neno la wima likikubali. Waliojaza BOBDOLE nao waliona vivyo hivyo. Kila moja ya zile herufi saba ilikutana na neno la wima ambalo kidokezi chake kilikuwa na majibu mawili halali. Mnyama mweusi wa Halloween aliweza kuwa CAT, paka, au BAT, popo. Neno la somo la kwanza la Kifaransa liliweza kuwa LUI au OUI. Maandishi mafupi yaliweza kuwa BITS au BIOS. Baadhi ya wasomaji walimlalamikia mhariri, Will Shortz, wakidhani gazeti limejitwalia haki ya kumtangaza mshindi kabla ya kura kuhesabiwa.

Malalamiko hayo yanatufundisha kuhusu usomaji kuliko yanavyotufundisha kuhusu siasa. Mlalamikaji alikuwa amejaza jibu moja, makutano yakamwitikia, naye akaamini kwamba hilo ndilo lililoandikwa. Hakujua kwamba jirani yake amejaza jingine na kuitikiwa vilevile. Kwa siku moja mraba ulirudi kuwa kitendawili: jibu lilikuwa mikononi mwa jamii, na jamii ilikuwa bado kwenye foleni ya kupiga kura.

Ukuta wa irabu

Mtu akitaka kutunga fumbo la namna hii kwa Kiswahili, kikwazo cha kwanza atakachokutana nacho ni safu ya mwisho ya mraba. Maneno ya Kiswahili, isipokuwa machache ya mkopo, huishia kwa irabu. Jibu la mlalo linalofika ukingoni mwa kulia huacha irabu katika kisanduku cha mwisho. Kwa kuwa kila kisanduku husomwa pia kwa wima, safu hiyo ya mwisho haina budi kujazwa na maneno yaliyoundwa kwa irabu tupu, yenye herufi tatu au zaidi. Tunayo "eua" na "aua", na baada ya hapo tumefilisika. Mstari wa chini kabisa una shida hiyohiyo. Mtunzi atakimbilia "maalum" na "salaam" zilizokatwa mkia, na mraba wake utajaa maneno ambayo mhariri yeyote wa Kiswahili sanifu angeyarekebisha.

Waingereza wana mraba wa namna nyingine, ambamo karibu nusu tu ya herufi ndizo zinazokutana. Huu unaonekana kutufaa, kwa sababu neno la wima lenye mpangilio wa konsonanti na irabu linaweza kupokea irabu za mlalo katika kila kisanduku cha pili. Lakini angalia kinachotokea kwa mfumbuaji. Makutano yakiangukia irabu peke yake, humpa habari haba mno. Aliyepata I, A na U katika neno la herufi sita hajui kama anatafuta KITABU au KIFARU. Irabu zetu ni tano tu. Fanani tuliyemsifu hapo juu amegeuka kuwa mtu anayeitikia kila jibu kwa kutikisa kichwa. Na bado hatujauliza NG'OMBE atakaa katika visanduku vingapi, wala ritifaa itawekwa wapi.

Nadhani hii ndiyo sababu mafumbo mengi ya mraba ninayokutana nayo katika magazeti na vitabu vya mazoezi vya Kiswahili yana maneno yaliyotawanyika kama visiwa, yanayogusana katika herufi moja au mbili, na vidokezi ambavyo ni visawe tu: "mwalimu wa kiume", "kinyume cha usiku". Hayana dhamira kwa sababu mraba wake hauwezi kuibeba. Yamekuwa majaribio ya msamiati yaliyovishwa nguo ya mchezo. Si haki kuwalaumu watunzi kwa uvivu; wamepewa kipimo kisicho chao.

Wajapani walilitatua tatizo linalofanana na hili bila makuu: katika mafumbo yao, kila kisanduku hubeba alama moja ya kana, ambayo kwa kawaida ni silabi. Nasi hatuhitaji kuazima wazo hilo kwao, kwani tunalo tangu zamani. Mshororo wa shairi la mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, hauhesabiwi kwa herufi. Kina hakiangaliwi kwa irabu ya mwisho peke yake bali kwa silabi nzima, na Kaluta Amri Abedi aliposanifu sheria za utunzi katika kitabu chake cha mwaka 1954, silabi ndiyo iliyokuwa kipimo. Hata watoto wa pwani waliozungumza kinyume ili wakubwa wasielewe walihamisha silabi: "kitabu" kiligeuka "bukita". Hakuna aliyewafundisha fonolojia.

Tujaribu basi mraba mdogo wa silabi tatu kwa tatu, ambamo kila silabi inakutana:

KI – TA – BU
TA – A – BU
BU – BU – BU

Mlalo na wima zote zinatoa KITABU, TAABU na BUBUBU, kijiji kilichoko kaskazini mwa mji wa Zanzibar. Ukuta wa irabu umeanguka: safu ya mwisho ni neno kamili. Mraba huu nilioutunga ni wa bahati, na hauna dhamira yoyote isipokuwa mwanafunzi anayesoma kwa shida Unguja. Hata hivyo unathibitisha kwamba sharti la kukutana kwa kila kisanduku, ambalo kwa herufi lilikuwa muhali, kwa silabi linawezekana.

Dhamira ya kinyume

Je, hila ya Farrell ingewezekana? Haitafsiriki. Paka na popo hawashirikiani silabi hata moja. Hata tukibaki na herufi, sarufi yetu ingeiharibu hila hiyo kwa ukarimu wake: ANAPITA, UNAPITA na INAPITA hutofautiana kwa herufi moja, na mtunzi atapata majibu pacha kadiri apendavyo bila jasho. Pacha wa bure hamshangazi mtu. Thamani ya CAT na BAT imo katika ajali ya lugha, na ajali ya namna hiyo inapaswa kutafutwa katika mizizi ya maneno, si katika viambishi. Chukua kidokezi hiki: "Barua haianzi bila hii." Mmoja atajaza KALAMU, mwingine SALAMU. Silabi moja tu inabadilika, na wote wawili wana haki.

Kidokezi hicho kinafichua jambo jingine ambalo mtunzi wa Kiingereza halijui kabisa. Neno "hii" linafaa kwa sababu kalamu na salamu zote ni za ngeli ya I-/ZI-. Kama mojawapo ingekuwa ya ngeli ya KI-/VI-, upatanisho wa kisarufi ungemsaliti mtunzi kabla mfumbuaji hajashika kalamu. Kila kidokezi cha Kiswahili chenye kiwakilishi au kitenzi kinavujisha ngeli ya jibu lake. Kwa fumbo jepesi, huo ni msaada wa halali. Kwa fumbo gumu, mtunzi hulazimika ama kuuficha upatanisho ama kuugeuza kuwa mtego.

Lakini mfano unaonishawishi zaidi ni ule ambao Kiingereza hakiwezi kuufanya kwa urahisi huu. Tuseme mfumbuaji anapewa kidokezi "utajiri", visanduku viwili vya silabi. Anajaza MALI kwa uhakika. Neno la wima linakataa: linataka LI mahali alipoweka MA. Anafuta. Kidokezi kingine kinataka maji ya kinywani. Anaandika MATE, na makutano yanataka TE ianze. Cha tatu kinataka vitu vigumu vinavyochimbwa kwa ajili ya ujenzi. MAWE nayo inakataliwa. Hapo mtu hujitilia shaka, kisha humtilia shaka mtunzi. Ndipo anapofika chini ya mraba na kukuta kidokezi "Lugha ya siri ya watoto wa pwani", chenye visanduku vitatu: KI-NYU-ME. Anarudi juu, anapindua kila jibu, na kila kitu kinakaa: LIMA, TEMA, WEMA.

Majibu hayo yaliyopinduliwa ni maneno kamili. Mali imegeuka lima, na mate yamegeuka tema. Katika jozi hizi mbili neno la pili linatoa maoni juu ya la kwanza: mali hutoka wapi, mate hufanywa nini. Jozi ya mawe na wema iko mbali zaidi, na msomaji ataachwa atafute mwenyewe uhusiano wake, au akubali kwamba haupo. Ukizipindua herufi badala ya silabi unapata ILAM na ETAM, ambazo si kitu katika Kiswahili. Dhamira hii inazaliwa na kipimo chenyewe, na katika mraba wa herufi isingeweza hata kufikirika.

Yapo matatizo. Jozi za namna hii ni nyingi katika maneno ya silabi mbili na adimu katika marefu, ilhali mraba wa dhamira hutaka majibu yake makuu yawe marefu kuliko mengine. Silabi za Kiswahili zinazidi mia, kwa hiyo kutunga kutakuwa kugumu zaidi ingawa kufumbua kutakuwa na uhakika zaidi, maana kila makutano yanasema mengi. M ya "mtu" na N ya "nchi" ni silabi zinazostahili kisanduku chake, kama zinavyohesabiwa katika shairi. Lakini mfumbuaji aliyezoea herufi ataziandika pamoja na zinazofuata, MTU katika kisanduku kimoja, na mtunzi atapaswa kumwonya juu ya ukurasa. Na mraba wangu wa Bububu una kasoro ambayo mhariri mkali asingeipitisha: silabi moja imerudiwa mara tano katika visanduku tisa, na asiyeijua Unguja ataliandika jina la kijiji hicho kwa kufuata tu KITABU na TAABU, bila kukisoma kidokezi chake.