crates.io ilikosea kwenye majina

Cargo, kisimamizi cha vifurushi cha Rust, inafanya kazi yake, docs.rs inazalisha nyaraka za kila kreti bila mwandishi kusumbuka, na `cargo yank` haifuti msimbo, somo ambalo npm, rejista ya JavaScript, ililipata kwa aibu mwaka 2016 mistari 11 ya maktaba ya left-pad ilipoondolewa na miradi ya watu ikaanguka. Sifa zangu kwa Rust zinaishia hapo.

Mpangilio wa maktaba zake uliharibiwa Novemba 2014, crates.io, rejista ya kreti, ilipofunguliwa na majina yote yakawekwa kwenye kapu moja: anayewahi ndiye mwenye jina. Mwaka huohuo npm, ambayo siitetei kwa lingine lolote, ilikuwa inaingiza majina yanayotanguliwa na @ na mmiliki. Mfano ulikuwepo. Watetezi wa kapu hilo wanasema familia za majina, yaani majina yaliyo chini ya mmiliki mmoja, zingehamisha ugomvi tu: badala ya kugombea kreti, watu wangegombea familia. Haisimami hoja hiyo. Familia ikishapata mwenyewe, ugomvi umekwisha, na kila kinachoingia chini yake kinajulikana ni cha nani.

Sasa tazama tulichonacho. tokio-util na tokio-stream ni za timu ya tokio, sawa. Lakini kile kistari hakithibitishi chochote. Wewe na mimi tunaweza kusajili tokio-chochote leo na rejista ikapokea. Ni kugawa viwanja bila ramani, kisha kutumaini ndugu watajenga jirani.

Matokeo tumeyaona. Mwaka 2022 iligunduliwa rustdecimal, kreti yenye msimbo hasidi iliyojivika jina la rust_decimal kwa kuondoa kistari cha chini tu. Mwaka 2024 serde_yaml ilipostaafishwa na mwandishi wake, wengi walikimbilia serde_yml, kazi ya mkono mwingine kabisa. Mwaka uliofuata RustSec, hifadhidata ya maonyo ya usalama ya Rust, ikaitolea onyo. Kwa jina tu, nani angejua kwamba serde_json ni ya nyumbani na serde_yml ni ya mpitanjia?

Na hapa usafi wa docs.rs unageuka mtego. Kila kreti inavaa kurasa zilezile, fonti ileile, upau uleule wa pembeni. Iliyotelekezwa inafanana na tokio. Mgeni anaheshimiwa kwa sababu ya nguo. Ukifungua ndani unakuta orodha ya aina na funksheni, beji nne kwenye README, na hakuna sentensi moja inayosema maktaba ni ya kazi gani. (Nitalisema hili mpaka nizeeke.)

CPAN, hifadhi ya maktaba za Perl ya mwaka 1995, ilifahamu zaidi. PAUSE, seva yake ya kupakia, haikufunga mlango, yeyote aliweza kupakia DateTime::Kitu, lakini Net::, Text:: na DBD:: zilikueleza kazi kabla hujafungua nyaraka za POD, na kila faili lilikaa kwenye saraka ya mwandishi wake. Maven Central ya Java ilikwenda mbali zaidi: thibitisha kikoa ni chako, ndipo upewe jina. XML yake inachosha, lakini humo hakuna anayekuuzia com.google ya bandia.

RFC 3243, pendekezo rasmi la Rust, sasa inaleta familia kwa kreti, tena kwa nukta pacha zilezile za Perl: tokio::util. Ni ya hiari, na majina ya zamani hayaguswi. tokio-chochote bado inasajiliwa.